Maradhi Hupita, Mipaka Hubaki

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa kwa vijana wetu baada ya swala ya Alasiri. Wengi mliomba niyaweke hapa. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyosema.)



Wazee wetu mlioketi kule mbele, shikamooni. Mama zetu, dada zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua leo kuna mechi, kwa hivyo aliyefika hapa amekuja kwa mapenzi. Sitawaweka sana inshallah.

Nianze na swali. Nani hapa anakumbuka Idi ya mwaka 2020? Inueni mikono. Naam, nyote.

Tarehe 6 Mei 2020, serikali ilitangaza hakuna kuingia wala kutoka Eastleigh hapa Nairobi, na Mji wa Kale kule Mombasa. Tulikuwa ndani ya Ramadhani. Amri ilianza kwa siku 15, ikaongezwa, Idi ikapita ndani ya amri, na mambo yakaja kufunguliwa mwezi wa Juni. Shangazi yangu anakaa Eastleigh. Sisi tuko Majengo. Kwa mguu ni dakika kumi tu. Siku ya Idi nilisimama upande huu na sufuria ya pilau imefungwa kwa leso, shangazi yuko upande ule, na katikati kuna kizuizi. Nikamwomba afisa aliyekuwa pale anipokelee tu ile sufuria ampe. Akaniangalia, akasema, "Nyinyi watu wa huku ndio mmetuletea hii kitu."

Nikarudi na pilau yangu nyumbani.

Nilipomsimulia nyanya, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia, "Hayo maneno baba yangu aliambiwa wakati wanavunjiwa nyumba Pangani. Waliambiwa wao ni wachafu, wanaleta magonjwa." Mimi nikauliza, Pangani gani? Hii ya stage ya matatu? Akacheka. Akasema, "Hii hii. Sisi tulikuwa watu wa Pangani kabla ya kuwa watu wa Majengo."

Ndugu zangu, nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini na sikujua hilo. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na hakuna aliyenifundisha kwa nini nyumba yetu iko pale ilipo. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza. Mimi si daktari wala mwanahistoria. Nawaletea nilichokipata, na neno langu leo ni moja tu: ugonjwa wa mlipuko ni vitu viwili. Kuna kidudu, na kuna uamuzi wa watu. Kidudu huja kikaua kikapita. Uamuzi hubaki. Hugeuka sheria, hugeuka ramani, hugeuka jina baya ambalo mjukuu hulirithi.

Twende polepole.

Tuanze na tauni ya Amwas. Ilikuwa mwaka wa 18 Hijria, kama mwaka 638 au 639 kwa kalenda ya kawaida. Amwas ni mji uliokuwa Palestina, na kutoka hapo tauni ikaenea Sham. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, akapewa habari kwamba mbele kuna tauni. Sasa tazameni alivyofanya. Yeye ni Khalifa, angeweza kutoa amri palepale. Hakutoa. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawauliza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wakahitilafiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na kauli moja: rudi na watu wako. Ndipo akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf, aliyekuwa hayupo, akawaambia kwamba alimsikia Mtume (SAW) akikataza mtu kuingia nchi iliyo na tauni, na akikataza aliye ndani kutoka kwa kuikimbia.

Kwa hivyo mtu asituambie kwamba kufunga njia wakati wa maradhi ni jambo geni kwetu. Sisi tumelijua karne nyingi kabla ya korona.

Lakini tazameni pia ile tauni iliacha nini. Wanahistoria wa zamani wanataja watu kama 25,000 waliokufa. Abu Ubayda mwenyewe alikufa. Muadh bin Jabal alikufa. Yazid bin Abi Sufyan, aliyekuwa kiongozi Damascus, alikufa. Na alipokufa Yazid, nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake, Muawiya. Muawiya akakaa Sham kama miaka ishirini akiwa gavana, kisha akawa mtawala wa dola nzima, na ufalme wa Bani Umayya ukaanza. Sisemi tauni ndiyo iliyomtawaza. Nasema kiti kiliachwa wazi na maradhi, na aliyekikalia akabadilisha historia. Hiyo ndiyo nguvu ya mlipuko.

Sasa ruka karne saba mbele. Ni tauni hiyo hiyo, imerudi. Mwaka 1347 ilifika Alexandria na bandari za Italia, na kufikia 1351 ilikuwa imeua watu kati ya theluthi na nusu ya Ulaya. Misri na Sham ziliumia vibaya. Kule Tunis kulikuwa na kijana wa umri kama wenu, miaka 16 au 17. Tauni ikamchukulia baba na mama, na walimu wake wengi. Kijana huyo ni Ibn Khaldun. Alikua akaandika kuhusu jinsi dola zinavyopanda na kuanguka, na mpaka leo vyuo vikuu vya dunia vinamsoma. Aliyeona mji wake ukimalizika mbele ya macho yake akiwa kijana alikuwa na sababu ya kuuliza swali hilo.

Katika tauni ile, watu walifanya maamuzi tofauti. Nitawapa matatu.

La kwanza ni Strasbourg, mwezi wa Februari 1349. Uvumi ulienea kwamba Mayahudi wametia sumu visimani. Tauni ilikuwa haijafika hata kwenye mji ule. Mayahudi kwa mamia walichomwa moto. Papa wa wakati huo, Clement wa Sita, alikuwa ameshatoa waraka mwaka 1348 akisema jambo la akili tu: Mayahudi nao wanakufa kwa tauni hii hii, sasa watakuwaje wao ndio walioileta? Haikusaidia. Mtu mwenye hofu anataka jina la kulaumu, hataki hoja.

La pili ni Uingereza. Vibarua wengi walikufa, waliobaki wakajua thamani yao, wakadai mshahara zaidi. Mwaka 1351 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha mishahara pale ilipokuwa kabla ya tauni. Yaani nusu ya wafanyakazi wamezikwa, na wenye mashamba wanataka bei ya zamani! Chuki hiyo ikakaa ikichemka, na mwaka 1381 wakulima wakaasi na kuingia London. Waliasi kwa mengi, kodi ikiwa mojawapo, lakini jeraha la mishahara lilikuwemo.

La tatu ni Dubrovnik, mji wa bandari pwani ya Adriatic. Mwaka 1377 baraza lake lilipitisha kwamba yeyote anayetoka mahali penye tauni akae nje ya mji siku 30 kwanza. Baadaye miji mingine ikafanya 40, na kutoka hesabu hiyo ya arobaini, kwa Kiitaliano, ndipo lilipotoka neno karantini. Kitu kilichonipendeza ni kwamba ile sheria ilimhusu mwenyeji na mgeni sawasawa. Haikuuliza wewe ni nani. Iliuliza umetoka wapi. Shikeni tofauti hiyo, tutaihitaji tukifika Nairobi.

Na sasa tunaingia nyumbani.

Miaka ya mwanzo ya 1890, nchi hii ambayo haijaitwa Kenya bado ilipigwa na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe. Ulianzia upande wa Eritrea, ambako uliingia na ng'ombe wa jeshi la Italia mwaka 1887 au karibu na hapo, ukashuka kusini. Wamaasai walipoteza sehemu kubwa kabisa ya mifugo yao. Mfugaji bila ng'ombe hana chakula. Njaa ikaingia, na nyuma ya njaa ikaja ndui. Halafu kati ya 1897 na 1900 mvua ikakatika Ukambani na Kiambu, nzige wakaja, sotoka ikarudi, ndui ikarudi. Reli ilikuwa inajengwa wakati huo huo, watu wanapita huku na huku, na maradhi yanapita nao. Watu wengi sana walikufa, na wengine wakahamia kwa jamaa zao waliokuwa na chakula.

Mwaka 1902 ikatungwa sheria ya ardhi ya Taji, na walowezi wakaanza kufika. Wakaona mashamba bila watu, malisho bila ng'ombe. Wakasema, ardhi hii ni tupu. Jamani, ukimkuta mtu yuko hospitalini, nyumba yake ni tupu? Wenyewe walikuwa wamekufa au wamekwenda kutafuta chakula ili warudi. Waliporudi wakakuta shamba lina mwenyewe mwingine, na wao wanaitwa maskwota. Wamaasai walihamishwa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, kisha wakahamishwa tena Laikipia kwa mkataba wa 1911. Shida ya ardhi tunayogombania mpaka leo ilipata mwanya ndani ya miaka ile ya maradhi.

Sasa tauni. Iliibuka tena Hong Kong mwaka 1894, na hapo ndipo daktari Alexandre Yersin alipokiona kidudu chenyewe. Mwaka 1896 ikafika Bombay kwa meli. Mwaka 1897 serikali ya Kiingereza India ikapitisha sheria ya magonjwa ya mlipuko, fupi sana, inayompa afisa mamlaka karibu ya kila kitu. Kule Poona askari waliingia majumbani kupekua wagonjwa, wakaingia mpaka vyumba vya wanawake na mahali pa ibada. Watu wakafanya nini? Wakaficha wagonjwa. Wakaficha maiti. Na mwezi Juni mwaka huo, afisa aliyesimamia kazi ile, W. C. Rand, akapigwa risasi, akafariki. Kwa hivyo nguvu haikukamata ugonjwa. Iliusukuma chini ya kitanda.

Mwaka 1901 tauni ikafika Cape Town, wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu. Ilikuja na panya bandarini. Ilipata watu wa kila rangi, na Waafrika hawakuwa wengi miongoni mwa wagonjwa kuliko wengine. Lakini waliokusanywa chini ya ulinzi wa askari na kupelekwa nje ya mji walikuwa Waafrika, maelfu. Walipelekwa mahali palipoitwa Uitvlugt, baadaye Ndabeni. Walifikiri ni kwa muda. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kupafanya pa kudumu. Tauni ilipoisha hawakurudishwa.

Na mwaka uliofuata, 1902, tauni ikafika Nairobi.

Nairobi wakati ule ilikuwa na miaka mitatu. Reli ilifika hapa 1899, wakaweka kituo kwenye tope, udongo mweusi ule mnaoujua, maji hayaendi popote. Wahindi wakajenga bazaar yao, maduka ya mabati yamebanana. Mifereji hakuna, takataka hakuna wa kuzoa. Tauni ikaingia kwenye bazaar, na mkuu wa afya akaagiza ichomwe. Ikachomwa yote. Biashara Street mnayokwenda kununua leso na mashuka ni mtoto wa bazaar ile, zamani ikiitwa Bazaar Street.

Tusidanganyane. Tauni ilikuwepo kweli, na bazaar ilikuwa chafu kweli. Lakini aliyepaswa kuchimba mifereji ni nani? Na kufikia mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa ameshaonyesha kwamba tauni inabebwa na viroboto wa panya. Panya hufuata nafaka. Hamuulizi mtu kabila.

Tauni ikarudi Nairobi tena na tena. Mwaka 1913 akaletwa mtaalamu kutoka Uingereza, Profesa William John Simpson. Huyu alikuwa mkuu wa afya Calcutta. Alikwenda Cape Town wakati wa tauni ya 1901. Alikwenda Hong Kong. Alikwenda Gold Coast, Ghana ya leo. Mnaona? Kama vile maradhi yalivyosafiri kwa meli, na dawa ilisafiri kwa meli hiyo hiyo, ndani ya mkoba wa mtu mmoja. Ripoti yake ikasema miji ya Afrika Mashariki igawanywe: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao, Waafrika mahali pao, na katikati kuwe na uwanja wa wazi usiojengwa. Sababu iliyotolewa ni afya.

Wakati huo Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika, na wenye nyumba wengi katika vijiji hivyo walikuwa Waislamu. Pangani. Mombasa, ndiyo, kijiji kiliitwa Mombasa. Maskini. Kaburini. Watu waliokuja na misafara, wapagazi, askari wa zamani, akina mama waliojenga kwa jasho lao wakapangisha vyumba. Walikuwa na misikiti, madrasa, maulidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikafungua Pumwani, ikaita "location" ya wenyeji, na vile vijiji vikaanza kuvunjwa kimoja kimoja. Pangani ilishikilia mpaka mwisho wa miaka ya 1930. Ilipovunjwa, nyumba za Shauri Moyo zikajengwa kupokea waliofukuzwa. Pale Pumwani uliruhusiwa kujenga nyumba yako, lakini ardhi ikabaki ya baraza la mji.

Nyanya alipofariki, tulifungua sanduku lake la bati. Ndani kulikuwa na kanga za mama yake, tasbihi, na karatasi moja imekunjwa mara nne mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ni kibali cha baba yake cha ploti Majengo. Nimeisoma mara nyingi. Kwa ufupi inasema nyumba ni yako, ardhi si yako. Hiyo karatasi ndiyo tauni ya 1902 ilivyofika nyumbani kwetu. Kidudu hakikumuua mtu wa ukoo wetu ninayemjua. Uamuzi ulitufikia.

Mwaka 1921 ikatungwa pia sheria ya afya ya umma. Mwaka 1923 serikali ya London ikasema haitaki tena kutenga makazi ya mjini kwa rangi kisheria. Vizuri. Lakini mipaka ilishachorwa, hati za ardhi zikaendelea kuandikwa masharti ya nani asiuziwe, na mji ukaendelea kukua vile vile: upande wa vilima na miti, na upande wa tope. Na ile sheria ya 1921, pamoja na marekebisho yake, ndiyo hii tunayoiita Sura ya 242. Mwaka 2020, kanuni za korona za kuzuia watu kutembea ziliwekwa chini ya sheria hiyo hiyo. Kwa hivyo yule afisa pale kwenye kizuizi, masikini, labda hakujua, lakini alikuwa amesimama kwenye mstari uliochorwa kabla babu yake hajazaliwa.

Sasa mtaniuliza: unasema Eastleigh haikufaa kufungwa? Hapana. Sisemi hivyo. Wagonjwa walikuwepo na idadi ilikuwa inapanda. Mtume (SAW) ametufundisha usiingie na usitoke. Nasema kila amri ya namna hiyo tuipime, na historia imetupa vipimo vinne. Andikeni kwenye simu zenu.

Kwanza, je, watu wameshauriwa? Umar aliuliza makundi matatu akiwa na mamlaka yote mkononi.

Pili, je, amri inauliza umetoka wapi au inauliza wewe ni nani? Dubrovnik iliuliza la kwanza. Cape Town ikauliza la pili.

Tatu, nani anabeba gharama? Ukimfungia mama wa kuuza mboga siku 15, atakula nini? Mwaka 2020 watu waliwekwa karantini ya lazima kisha wakaambiwa walipe bili wenyewe, mpaka kelele zilipopigwa ndipo serikali ikaubeba mzigo. Hofu ya bili ilificha wagonjwa wangapi?

Nne, je, amri ina tarehe ya kwisha? Ndabeni haikuwa nayo. Eastleigh ilikuwa nayo, na tuseme haki, ilifunguliwa. Hilo ni jema na lazima tulitaje.

Katiba yetu imeyaweka mambo haya karibu yote. Ibara ya 24 inasema haki ikipunguzwa lazima kuwe na sheria na sababu, na hatua isizidi inavyohitajika. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi. Ibara ya 35 inakupa haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali. Ibara ya 43 inataja afya na maji safi. Someni. Si za mawakili peke yao.

Na sasa nigeukie kwetu, maana kidole kimoja kikielekea mbele, vitatu vinakurudia. Sisi nasi tulikosea. Mwaka ule tulisambaza sauti za WhatsApp kwamba korona haimpati anayetawadha mara tano. Nani hapa hakupata ile sauti? Tulipoteza wazee kwa uvumi ule. Mtaani kwetu kulikuwa na jirani aliyetolewa karantini akiwa mzima kabisa, karatasi anayo mkononi. Akina mama wakaacha kuchota maji kwenye bomba moja naye. Watoto wakampa jina. Yule dada alihama. Hakuhamishwa na serikali, wala hakuna ripoti ya profesa. Tulimhamisha sisi. Mimi nilikuwepo, nikaona, nikanyamaza. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na yeye anisamehe. Strasbourg huanza hivyo hivyo, bombani.

Kwa hivyo tufanye nini? Mambo matatu, madogo, ya kuanza wiki hii.

Moja, kila mmoja wenu akae na mzee wake na simu, arekodi. Muulize: tulitoka wapi, tulihama lini, tuliambiwa sababu gani? Na kama kuna karatasi kwenye sanduku, ipige picha pande zote mbili, uihifadhi mahali salama. Leo tunasikia mitaa ya zamani itajengwa upya. Huenda ni heri. Lakini siku ya kuulizwa nani ni mwenyeji hapa, asiye na karatasi wala hadithi ataambiwa tena kwamba ardhi ilikuwa tupu.

Mbili, twendeni kwenye mikutano ya wananchi ya bajeti ya kaunti. Najua inachosha, viti ni vigumu na wanachelewa. Lakini mifereji ya Majengo haitachimbwa na hasira zetu. Bazaar ilichomwa kwa sababu hakuna aliyechimba mfereji miaka mitatu. Kipindupindu kinatafuta mfereji huo huo leo.

Tatu, tuwe wa kwanza kwa usafi, kwa chanjo, kwa kusema ukweli tukiumwa. Haki hatuidai kwa kuficha maradhi. Tunaidai tukiwa tumefanya wajibu wetu, ili atakayetuita "nyinyi watu wa huku" asipate pa kushika.

Mlipuko mwingine utakuja. Mungu apishe mbali, lakini utakuja, maana haujawahi kuacha kuja. Siku hiyo wapo watakaochora mstari, na ni vizuri muwe mmeketi mezani kalamu ikishikwa. Na siku ya Idi, atakayekuwa pale kwenye kizuizi anaweza kuwa kijana kutoka hapa hapa, amevaa sare. Natumai atapokea ile sufuria ya pilau.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliokufa kwa maradhi na waliokufa kwa uchungu wa kuhamishwa. Awape afya wagonjwa wetu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.